Je, wajua? Kilo 90 za Karagwe ni kilo 102 za Paje

Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Katika ikulu ile unene wa wanawake wa kifalme ulikuwa heshima. Walinyweshwa maziwa kwa wingi, na baadhi yao hawakuweza tena kusimama bila msaada. Speke alimpima shemeji mmoja wa mfalme: mkono futi 1 na inchi 11 kwa mzunguko, kifua futi 4 na inchi 4, kimo kama futi 5 na inchi 8. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1863, vipimo hivyo vilisomwa Ulaya kama kioja. Mimi kinachonishangaza katika orodha ile ni kipimo kilichokosekana. Hakuna uzito. Mshonaji nguo angetosheka na mzunguko wa kifua, lakini kwa mtu anayetaka kuvuka ziwa, kiuno na kimo ni habari za baadaye. Swali la kwanza la chombo chochote cha majini ni kilo ngapi.

Swali hilo linarudi leo kwa sura nyingine, katika ubao wa tanga: ule ubao mwepesi ambao mtu husimama juu yake na kulishika tanga kwa mikono yake mwenyewe, mlingoti ukiwa umeungwa kwa kiungo kinachopinda kila upande. Mmarekani Newman Darby alitengeneza ubao wa namna hiyo mwaka 1964 huko Pennsylvania, mbali na bahari, na mwaka 1968 Jim Drake na Hoyle Schweitzer wa California wakaomba hataza ya ubao wao. Tangu mwaka 1984 umo katika Michezo ya Olimpiki. Kwetu unaonekana zaidi pwani, Paje huko Unguja, Watamu na Diani, na majedwali ya kuchagulia ubao yanayosambaa kati ya wanafunzi na wauzaji yameandikwa kwa kuifikiria bahari. Hoja yangu ni kwamba majedwali hayo humpunja mtu mzito wa nyanda za juu. Mtu wa kilo 90 akitaka kupanda ubao kwenye maziwa ya bonde la Kagera, chini ya vilima vya Karagwe na Kyerwa, inafaa achague ubao na tanga kama mtu wa kilo 102 aliyeko Paje. Kilo 12 hizo hazitoki kwenye ndizi wala maziwa, zinatoka hewani.

Tuanze na maji, maana hapo hesabu ni nyepesi. Archimedes wa Sirakusa alionyesha, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwamba kitu kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Lita 1 ya maji ya ziwa ina kilo 1. Ndiyo sababu mbao hizi huuzwa kwa lita, na namba huandikwa kwenye ubao wenyewe: ubao wa lita 130 unabeba kilo 130 kabla ya kuzama wote, uzito wa ubao ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Chukua mtu wa kilo 105. Ubao wa kujifunzia unaweza kufika kilo 13. Tanga, mlingoti na fito za kushikia, kilo 10. Jaketi la kuokolea na nguo zilizolowa, kilo 2. Jumla ni 130. Ubao wa lita 130, ambao muuzaji atamwambia una ziada ya lita 25 juu ya uzito wake, hauna ziada hata ya glasi moja. Akisimama, maji yanafika kwenye nyayo. Akiegemea upande, yanapanda. Baharini angepata nafuu, kwa kuwa lita 1 ya maji ya chumvi ina karibu gramu 1,025, na kilo zile 130 zingehitaji lita 127. Lita 3 ni kitu kidogo. Anayesema kwamba maji ya ziwa ndiyo yanayomwangusha mtu mzito anakuza jambo lisilostahili. Walimu wengi humtaka mwanafunzi aongeze lita 80 hadi 100 juu ya kilo zake, na akishaweza kusimama, kugeuka na kuliinua tanga kutoka majini bila kuanguka, ashuke hadi ziada ya lita 50 au 60. Kanuni hiyo inafaa ziwani kama inavyofaa baharini, na kwa mtu wetu wa kilo 105 inatoa ubao wa lita 185 hadi 205 wa kuanzia.

Lakini lita ni nusu tu ya jambo, na naona hapa ndipo watu wazito wanapoumia zaidi, kwa sababu wanaambiwa habari za lita na hakuna anayewatajia upana. Kuelea ni kitu kimoja, kusimama wima ni kingine. Aliyeitafutia hesabu tofauti hiyo ni Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu cha uundaji wa meli alichokitoa mwaka 1746, na ambacho sehemu kubwa alikiandika akiwa katika milima ya Andes karibu na Quito, alikokwenda kupima umbo la dunia. Hesabu yake, ikirahisishwa, inasema hivi: uwezo wa chombo kujirudisha wima unakua kwa urefu wake mara upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza urefu kwa asilimia 10, uthabiti unaongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza upana kwa asilimia 10, unaongezeka kwa asilimia 33. Upande wa pili wa mizani upo uzito, pamoja na kimo ulichowekwa. Mtu anaposimama, kitovu cha uzito wa mwili wake kiko kama mita 1 juu ya maji, na kila kilo inayoongezeka huko juu inadai nguvu zaidi ya kurudishwa wima, hali ubao ni ule ule. Mtu wa kilo 60 akiwa na vifaa vya kilo 25 anakuwa mzigo wa kilo 85. Yule wa kilo 105 ni mzigo wa kilo 130. Juu ya ubao wenye upana wa sentimita 80, huyu wa pili amepoteza zaidi ya theluthi ya uthabiti alio nao mwenzake. Ili wasimame kwa utulivu sawa, urefu ukibaki vile vile, yeye anahitaji ubao wa sentimita 92. Sentimita 12 tu, lakini bila hizo atashinda siku nzima akidhani hana kipaji.

Wavuvi wa maziwa ya Kagera wameijua kanuni hii bila kuiandika. Mtumbwi wa gogo ni mwembamba, kwa hiyo anayeupiga kasia huketi au hupiga magoti, akishusha uzito wake karibu na maji. Watu wa pwani walipotaka kuweka tanga juu ya chombo chembamba waliongeza upana kwa njia nyingine: marengu ya ngalawa, yaliyotandazwa mbali pande zote mbili. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipoishusha mashua yake, Lady Alice, katika ziwa dogo karibu na makao ya Rumanyika, lile ambalo Speke alikwisha kulipachika jina la Windermere, ikashindana na mitumbwi ya mfalme, vyombo vyote vilivyokuwa majini siku ile vilikuwa virefu na vyembamba. Lady Alice ilikuwa na futi 40 kwa futi 6. Vilifaa kwa sababu wapiga kasia walikuwa wameketi. Ubao wa tanga unamnyima mtu njia zote mbili: hawezi kuketi, na hana marengu. Kilichobaki ni upana wa ubao wenyewe.

Wakazi wa Kagera hawahitaji kufundishwa uzito wa tofauti hii. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka karibu na mwisho wa safari yake ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Meli ile haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea, kitako juu, kwa muda wa kutosha waokoaji kusimama juu yake. Yaani haikukosa lita. Hewa iliyofungiwa ndani iliendelea kuibeba hata baada ya kupinduka. Ilichokosa ni uwezo wa kurudi wima. Siulinganishi mchezo na msiba ule. Ninasema tu kwamba sheria ni moja, na mtu anayemuuzia mwenzake chombo kwa kumtajia lita peke yake amemficha nusu ya habari iliyo muhimu kwa uhai wake.

Sasa tufike kwenye hewa, ambako ndiko hoja yangu inakokaa. Nguvu ya upepo kwenye tanga hutokana na mambo matatu: eneo la tanga, mwendo wa upepo uliozidishwa kwa wenyewe, na uzito wa hewa yenyewe. Hilo la tatu halimo katika jedwali lolote la muuzaji, maana pwani halibadiliki. Maziwa ya bonde la Kagera yako juu sana. Ziwa Ihema, ng'ambo ya mto upande wa Rwanda, liko karibu mita 1,290 kutoka usawa wa bahari. Katika kimo cha mita 1,300 mgandamizo wa hewa umepungua kwa asilimia 14 hivi. Hewa ya Karagwe ni ya ubaridi kuliko ya Unguja, na ubaridi huo unairudishia uzito kidogo, kwa hiyo upungufu halisi ni kama asilimia 12. Upepo wa kilomita 28 kwa saa unaovuma Paje na upepo wa kilomita 28 kwa saa unaovuma juu ya ziwa la Karagwe utazisoma sawa kwenye kipimo cha mwendo, lakini wa Karagwe unasukuma kwa nguvu ya asilimia 88 tu. Mwili wa mtu, kwa upande wake, haupungui kwa kupanda mlima. Uwiano kati ya kilo za mtu na nguvu ya tanga lake umebadilika, na ukigawanya 90 kwa 0.88 unapata 102. Kwa mtu wa kilo 105 unapata 119. Tanga la mita 7 za mraba linalomtosha mtu pwani lingepaswa kuwa karibu mita 8 kwake huku, na tanga kubwa zaidi lina mlingoti mrefu na uzito zaidi, ambao nao unadai lita na upana. Hivyo ndivyo hewa nyepesi inavyofika hadi kwenye vipimo vya ubao.

Atakuja mtu aseme kwamba mabingwa wazito hutumia mbao ndogo kabisa, kwa hiyo maneno haya yote ni ya kumtisha mwanafunzi. Mfano wake ni wa kweli na unatoka Afrika. Novemba 2015, katika mfereji uliochimbwa kando ya bahari huko Lüderitz, Namibia, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia ya ubao wa tanga. Albeau ni mtu wa karibu kilo 100. Ubao wa mashindano ya namna hiyo ni mwembamba mno, na lita zake hazifiki uzito wa anayeupanda. Akisimama tuli, unazama. Inawezekanaje? Ubao unapokimbia, maji yanayopigwa na sehemu yake ya chini yanausukuma juu, na nguvu hiyo inakua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Katika mwendo wa Albeau lita hazina kazi tena. Ubao unateleza juu ya maji kwa kasi yake wenyewe. Lakini mwendo huo lazima upatikane kwanza, na Lüderitz inapendwa kwa sababu ya upepo mkali unaovuma usawa wa bahari, juu ya maji yaliyotulizwa na kingo za mfereji. Bonde lililokingwa na vilima, lenye upepo wa wastani na hewa pungufu kwa asilimia 12, linamwacha mtu mzito katika mwendo wa chini kwa sehemu kubwa ya siku, na katika mwendo wa chini anayembeba ni Archimedes. Mfano wa Albeau unathibitisha kwamba uchaguzi wa ubao unategemea mahali, jambo ninalolisema tangu mwanzo.

Pingamizi la pili husemwa kwa upole lakini linaumiza: kwa nini mtu huyo asipunguze mwili kwanza? Afya ni jambo la daktari wake, sitaliingilia. Kwa upande wa tanga, ushauri huo hauna msingi. Tanga linavuta kwenda upande unakoelekea upepo, na kinacholizuia lisimwangushe mtu ni mwili wake anaouning'iniza nje, upande wa pili, kwa mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Mwili ndio farumi ya chombo hiki, na farumi inayohamia upande unaotakiwa bila kuamriwa mara mbili. Mwenye kilo 105 anaweza kulishika tanga ambalo lingemrusha mwenye kilo 60. Ushahidi uko Olimpiki. Hadi Michezo ya Tokyo chombo cha mashindano kilikuwa kile kiitwacho RS:X, kilichowapendelea wanariadha wepesi waliopampu tanga bila kupumzika. Paris 2024 kikaletwa iQFOiL, chenye bawa chini ya maji linaloinua ubao mzima hewani na tanga la mita 9 za mraba kwa wanaume. Wanariadha wengi waliotoka chombo cha zamani kwenda kipya walilazimika kuongeza kilo, wakala na kunyanyua vyuma kwa makusudi, kwa sababu mtu mwepesi hakuweza kulimudu tanga katika upepo. Mchezo uliowaza kwamba uzito ni kasoro umegeuka ndani ya miaka michache.

Basi, mtu mzito achukue tu ubao mkubwa kuliko yote dukani? Hapana, na hapa nakubaliana na wauzaji. Ubao uliozidi mno huelea juu sana, upepo ukikaza unaingia chini ya ncha yake ya mbele na kuinua; kuugeuza kunachukua muda, na ukipigwa na mawimbi mafupi ya ziwa unagonga badala ya kukata. Mtu wa kilo 60 juu ya ubao wa lita 210 anaonja matatizo haya mapema. Mtu wa kilo 105 anayaonja kwa kuchelewa, kwa kuwa mwili wake unaushikilia ubao chini, na akiwa nyanda za juu anachelewa zaidi kwa sababu upepo wenyewe una nguvu pungufu. Kwa hiyo namba ninayoweza kuisimamia, kwa mwanafunzi wa kilo 105, ni lita 200 hadi 220, upana wa sentimita 90 au zaidi, urefu wowote unaotokana na hayo. Akipewa mbao mbili zenye lita 210, moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na pana, achukue ile pana bila kusita. Akishahitimu, lita 170 hadi 180 zitamtosha, mahali ambapo mwenzake wa Paje mwenye kilo hizo hizo angeridhika na 155 hadi 165.

Lipo pia swali la wapi, na halifai kurukwa. Bonde la Kagera lina viboko na mamba, na sehemu kubwa ya maji na misitu ya wilaya hizi imo ndani ya hifadhi za taifa zilizotangazwa mwaka 2019: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Huwezi kushusha ubao popote unapopenda, na mwanafunzi ambaye kuanguka ndiyo kazi yake ya kila dakika hapaswi kuanguka kwenye maji ya viboko. Mahali pa busara pa kuanzia ni ufuko wa Bukoba, ambako watu huogelea na mashua za kuokoa zinaweza kufika. Ziwa Nyanza, yaani Viktoria, liko karibu mita 1,134, na hewa yake ni pungufu kwa asilimia 10 au 11. Mtu wa kilo 90 hapo ni mtu wa kilo 100 na ushee. Hesabu inalegea kidogo, haiondoki. Na lita za kutosha zina faida nyingine huko: anayeanguka mara chache hukaa muda mfupi zaidi kwenye maji ya kingo yenye mimea, ambayo ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

Mimea hiyo inaleta jambo la mwisho, ambalo mnunuzi hulikumbuka akiwa tayari ziwani. Magugu maji yaliteremka na Mto Kagera hadi Nyanza, na bado hukatika vipande na kuelea. Ubao wa baharini mara nyingi huja na pezi refu lililosimama wima chini ya mkia. Pezi hilo likinasa magugu, ubao unafunga breki, na mtu mzito, mwenye mwendo na kilo nyingi, huendelea mbele peke yake. Aombe pezi lililoinamia nyuma kama nyuzi 45, ili majani yateleze na kutoka. Pezi la namna hiyo hushika maji kwa nguvu kidogo kuliko lililo wima la eneo lile lile, na tanga kubwa la mtu mzito linalisukuma kwa upande zaidi kuliko tanga la mtu mwepesi, kwa hiyo achague lenye shina pana, kubwa kwa hatua moja kuliko lile ambalo jedwali la pwani lingempa.